Mchele, Karanga, Basi

Tatu aliporudi kijijini Ziwani mwezi wa tatu, jirani yao Somoe alimtazama kutoka juu hadi chini akasema si yeye aliyevaa gauni, gauni ndilo lililomvaa. Bibi yake, Mwaisha, akacheka, maana asingecheka angelia. Binti wa miaka ishirini na mbili, kilo arobaini na moja.

Daktari Veronika wa mjini alikuwa amempima kila kitu. Hakuona kidonda wala mdudu. "Utumbo wako ni mzima," alimwambia, "ila ni mwepesi wa kuudhika. Tutatafuta kinachouudhi, kimoja kimoja." Akamwandikia vitu vya kuacha kwanza: maharage, mbaazi, vitunguu, maziwa, korosho. Akamtaka awe na daftari, aandike kila alichokula na tumbo lilivyosema. Chuo cha ualimu kilikuwa kimempa ruhusa mpaka mwisho wa mwezi wa tano. Akifikisha kilo arobaini na tano, daktari angemwandikia barua ya kurudi. Asipofikisha, mwaka mzima ungempita.

Mwaisha aliisoma ile karatasi kwa kidole, polepole, kama alivyofundishwa kwenye kisomo cha watu wazima. Vitunguu, sawa. Mbaazi, sawa, ingawa roho ilimuuma. Alipofika kwenye korosho akarudia mara mbili.

"Hapa daktari kakosea."

"Hajakosea, bibi."

"Mikorosho ya babu yako ndiyo iliyokusomesha. Itakudhuru vipi?"

"Bibi, tumbo halijui nani kanisomesha."

Wakacheka, yakaisha. Au yalionekana kuisha.

Mwaisha alijifunza upya kupika. Samaki wa kuchemsha kwa ndimu na tangawizi, wali mlaini, muhogo, yai, ndizi. Si mlima mmoja wa chakula mchana, bali sahani ndogo mara sita kwa siku, na kila sahani aliipeleka kana kwamba ndiyo ya kwanza. Somoe, pamoja na mdomo wake wote, alianza kuleta samaki wabichi. "Nimekuwahishia kabla sijawatia kitunguu," alikuwa akisema, kisha anaondoka upesi asije akashukuriwa. Tatu akafika arobaini na tatu.

Hapo mizani ikagoma. Wiki mbili haikupanda wala kushuka, na mwezi wa tano ulikuwa umeshaingia. Mwaisha akakumbuka alivyojifungua mtoto wake wa kwanza, amebaki mifupa, mama mkwe akamnywesha uji wa korosho mpaka mashavu yakarudi. Asubuhi moja Tatu akiwa anaoga, alitwanga korosho chache, akachota kijiko kimoja, akakoroga kwenye uji wa mchele. Vyote vyeupe. Nani angeona?

Siku ya pili alitia vijiko viwili.

Tatu akaanza kuvimba tumbo. Kila akinywa uji, hayapiti masaa mawili yuko chooni, akitoka anajikunja mkekani, magoti kifuani. Mwaisha alimkanda mgongo kwa maji ya moto akijiambia kwamba pengine ni wale samaki.

Siku ya tano Tatu alikaa barazani na daftari lake.

"Bibi, mwizi nimempata."

"Nani?"

"Uji. Tazama mwenyewe. Jumatano uji, tumbo. Alhamisi uji, tumbo. Ijumaa, Jumamosi, vilevile." Akachukua kalamu, akapitisha mstari juu ya neno hilo. "Na uji ndio niliokuwa nauamini kuliko vyote. Kuanzia kesho chai ya rangi tu."

Mwaisha aliutazama ule mstari. Mtoto ana vyakula vya kuhesabu kwa vidole, na sasa kimoja kimekatwa bila kosa. Chai ya rangi haiongezi hata robo kilo.

"Usiukate uji," alisema. "Mwizi ni mimi, mke mwenzangu."

Tatu alidhani ni utani, maana ndivyo bibi alivyomwita tangu utoto, mke mwenza wa babu. Akatabasamu.

"Nimekutilia korosho. Kijiko kimoja, halafu viwili. Kila siku."

Tabasamu likaisha. Tatu hakupaza sauti, na afadhali angepaza.

"Nilishafikiri hata mchele umenikataa," alisema. "Sasa nikila kwako, nitajuaje?"

Mwaisha alikaa, mikono mapajani, akingoja alichostahili. Kilichokuja ni kalamu. Tatu alimsogezea pamoja na daftari.

"Andika wewe. Wewe ndiye unayejua."

Aliandika kwa herufi kubwa zilizoruka mistari: KOROSHO. VIJIKO 2. BIBI.

Kesho yake Tatu alikuja jikoni mapema, akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akatazama. Mwaisha hakukasirika. Alitaja kila kitu kabla hakijaingia chunguni, akionyesha viganja vyote viwili. "Mchele. Maji. Chumvi. Karanga za kusaga, kijiko." Karanga tumbo lilikuwa limezikubali zamani. "Basi."

Tumbo likatulia. Keshokutwa yake Tatu alikaa palepale, na siku iliyofuata. Siku ya nne hakutokea. Mwaisha akataja hivyohivyo, peke yake na moshi wake.

"Bibi, nakusikia!" sauti ikatoka chumbani. "Unamtangazia nani?"

"Namtangazia mke mwenzangu, mvivu wa kuamka!"

Kliniki walikwenda pamoja. Arobaini na nne na nusu. Daktari Veronika alifungua kurasa, akafika kwenye zile herufi kubwa, akasita. Mwaisha akainamisha kichwa. Lakini daktari hakuuliza lolote la kumwaibisha. Alisema tu, "Bibi, hizo karanga ongeza ziwe vijiko viwili, tuone. Mrudi Alhamisi ijayo." Mwaisha aliitunza heshima ile njia nzima ya kurudi.

Alhamisi mizani ilisema arobaini na tano na kidogo, Tatu akiwa amevua viatu na hata saa, asije akaambiwa kadanganya. Barua ikaandikwa.

Siku ya kuondoka kwenda kwenye chumba chake cha kupanga mtaa wa Rahaleo, karibu na chuo, bajaji ikiwa imeshafika uani, Mwaisha alimkabidhi kopo la unga wa uji, la kumtosha mwezi. Kwenye mfuniko alikuwa amebandika karatasi. Alitaka kuandika mengi, na dua pia, lakini karatasi ilikuwa ndogo na herufi zake kubwa.

MCHELE. KARANGA. BASI.

Tatu alisoma. Kidole chake kikakaa kidogo kwenye neno la mwisho. Kisha akalipakata kopo, akaingia kwenye bajaji bila kulifungua wala kulinusa.