Udongo wa Magdeburg

Angeline alikuwa mtu wa kupatanisha, na hakungoja kuitwa. Wanakwaya wa kanisa lao la Handsworth, jijini Birmingham, Uingereza, wakinuniana, atawaweka jikoni kwake mpaka wacheke. Kwa hiyo alipojua kwamba Hannelore, bibi wa Kijerumani ambaye yeye alikuwa akimhudumia katika nyumba ya wazee pale Great Barr, alikuwa na ndugu wa tumbo moja aliye hai, na kwamba kadi za Krismasi alizotuma ndugu huyo zilitupwa pipani bila kufunguliwa, roho haikumtulia. Kwao Kericho mgonjwa haachwi aondoke na kinyongo. Watu hukusanywa, maneno yakasemwa, yakaisha.

Kisa chenyewe Hannelore alimsimulia asubuhi moja wakati wa chai, bila kupandisha sauti. Baada ya vita Ujerumani iligawanywa ikawa nchi mbili zilizochukiana, moja ya Wakomunisti upande wa Mashariki, nyingine ya wapinzani wao Magharibi. Yeye alitoroka Magdeburg, huko Mashariki, akiwa msichana, akaolewa na askari Mwingereza aliyemleta Birmingham. Mdogo wake, Dieter, alibaki, akawa mwalimu mkuu na mtu wa chama tawala, na kwa mtu kama huyo ndugu aliyetoroka alikuwa hatari. Mama yao alipofariki, mwaka wa sabini na nne, Hannelore alihangaikia ruhusa mpaka akaipata, akaenda kuzika. Makaburini walisimama wanaume wawili wa serikali, na mmoja akamuuliza Dieter huyu mwanamke ni nani wake.

"Akasema, 'Simjui,'" alisema Hannelore. "Nilikuwa nimeshachota udongo mkononi. Walinitoa kabla sijaumwaga. Nikaufumbata mpaka kituo cha treni."

Ukuta wa Berlin ulipobomolewa na watu wakakumbatiana barabarani, Hannelore alizima televisheni.

Mwingine angesikia hayo akanyamaza. Angeline aliokota kadi pipani, akapata namba ya simu ya Dieter, akampigia. Mwenzake wa zamu, Norbert, Mkongomani mpole aliyetoka Uvira, alimwonya.

"Maman Angeline, achia bo mambo yabo. Mutu anakuyaka kuomba pardon, kiisha anaenda kulala muzuri. Weye ndiyo unabakia na mambo."

"Norbert, huyu mama ana weeks tu," Angeline akajibu. "Siwezi ku-ignore. Mtu hafi hivyo."

Dieter alikuja Machi, mzee wa miaka themanini na tano, fimbo mkononi. Kwenye korido alitoa mfukoni chupa ndogo ya kahawa ya unga iliyofungwa kwa soksi. Ndani mlikuwa na udongo mweusi.

"Wa kaburi la mama," alisema kwa Kiingereza cha kuokoteza. "Fungu lake."

Angeline alitokwa na machozi ya furaha. Aliona kazi imekwisha.

Asubuhi hiyo Hannelore alikuwa amewaita wahudumu wote kwa majina na kulalamikia yai. Meneja, kwa utaratibu wa nyumba ile, alimuuliza kama anamfahamu mgeni. Hannelore alimtazama nduguye kuanzia viatu hadi mvi, taratibu, kama anayekagua nguo dukani.

"Simjui," alisema.

Dieter akaanza kusema Kijerumani kwa sauti ya chini. Angeline hakuelewa neno hata moja, lakini kuomba ni kuomba. Hannelore akageukia ukuta. Meneja akamshika mzee mkono na kumwambia pole, ni ugonjwa wa kusahau.

"Hapana," alisema Dieter. "Anakumbuka vizuri sana." Akamwachia Angeline chupa, akaenda zake.

"Alilia?" Hannelore aliuliza baadaye.

"Alilia, mama."

"Mimi sikulia." Akaomba chai.

Angeline alimimina kwa hasira. Alimchukia yule mzee kwa woga wake, akamchukia huyu kwa moyo wake mgumu, akawachukia zaidi wale wanaume wawili wa makaburini. Nchi yao ilishakufa zamani, na kazi yao bado ilikuwa ikifanyika.

Hannelore hakufika Pasaka. Angeline na Norbert walikwenda Perry Barr kumsindikiza kwenye ibada ya mwisho, chupa ikiwa ndani ya mkoba. Angalau udongo utamfikia, Angeline alijiambia. Jeneza likawekwa mbele, mchungaji akasoma, kisha pazia likajifunga lenyewe na watu wakaonyeshwa mlango.

"Kaburi liko wapi?" Angeline aliuliza.

"Banamuchoma, Maman," alisema Norbert. "Alisha kupanga yeye mwenyewe."

Haikuwahi kumpitia akilini kuuliza. Kwake yeye mtu akifa hutiwa ardhini, na wanaobaki hutupa udongo juu yake.

Walikuwa kwenye basi Dieter, aliyepewa habari za msiba na Angeline, alipopiga simu. Hakuuliza habari za ibada wala za waliohudhuria.

"Umeumwaga?"

Chupa ilikuwa mapajani mwake. Norbert alikuwa akitazama nje ya dirisha.

"Ndiyo, baba," alisema Angeline. "Nimeumwaga wote."