Chombo Kisichoguswa

Kijiti alipiga fidla mbele za watu tangu utotoni, wala hakuwahi kuliogopa jukwaa. Alasiri ile, nyuma ya pazia, aliliogopa.

Mjomba wake alikuwa ametunga muziki wa okestra na chombo cha umeme cha zamani: sanduku la mbao, ufito wa chuma kulia, kitanzi cha chuma kushoto. Hakiguswi. Mkono wa kulia ukiusogelea ufito, sauti hupanda. Wa kushoto ukishuka kwenye kitanzi, sauti huzimika. Wanamuziki walikibandika jina Mzuka. Mjomba ndiye aliyekipiga, hadi juzi alipokuwa akikitengeneza, umeme ukamtupa ukutani. Kijiti ndiye aliyemwinua. Sasa mkono wa mjomba ulikuwa na bandeji, na hakuna mwingine aliyekijua chombo ila mpwa wake.

“Mjomba, siwezi.”

“Waya mbovu nimeutoa, mama.”

“Na kama kuna mwingine?”

Mjomba aliitazama bandeji yake. “Mimi nilitia vidole ndani. Wewe utakuwa nje.”

Hakusema kwamba hakuna.

Kijiti akatoka, roho mkononi. Sanduku lilinguruma chini chini kama paka aliyeudhika. Alipoinua mikono, vidole vilitetemeka, na kila mtetemo ukasikika ukumbi mzima. Fidla humfichia mtu hofu yake, Mzuka humtangaza. Kiongozi wa okestra alimtupia jicho. Kijiti akakaza macho kwenye karatasi ya muziki, akafuata noti moja baada ya nyingine.

Akafika mwisho. Fidla zikanyamaza, tarumbeta zikanyamaza. Ilibaki ashushe mkono wa kushoto tu. Ndani ya sanduku kukasikika tak! Mkono ukaganda hewani. Aliuamuru ushuke, ukagoma. Sauti moja nyembamba ikaendelea kulia, watu wakingoja, mmoja akakohoa.

Mjomba alipanda jukwaani na bandeji yake, akainama, akazima swichi. Kimya. Kisha makofi, kwanza machache, halafu ukumbi mzima.

“Wanadhani ndivyo ulivyoandika,” Kijiti alinong’ona. Mkono wake ulikuwa bado juu.

Mjomba aliushika taratibu, akaushusha.

“Kesho hatupigi,” alisema. “Kwanza nilifungue sanduku lote.”

“Ukilifungua, niite,” alisema Kijiti. “Usiwe peke yako.”