Keki ya Limau
Neville Oakes alifika kazini Jumanne saa mbili asubuhi, akapanga foleni ya chai na mkate wa bekoni pamoja na waigizaji wengine, ingawa alikuwa amekufa miaka thelathini na mmoja iliyopita. Kwenye fomu, palipotakiwa anwani, alijaza: seli namba tatu. Mpambaji alimshika kidevu, akasema huyu hahitaji poda, afadhali, maana wenzake wanamchelewesha.

Glenys Thackray alimwona kutoka kwenye kiti cha mshauri, chai ikammwagikia gotini. Hakushangaa. Aliogopa, na hayo ni mambo mawili.

Kituo cha polisi cha Marlbeck kilifungwa zamani. Sasa walikuwa wakirekodia humo tamthilia ya televisheni, ile ya polisi inayochekesha watu huku maiti zikirundikana. Glenys aliwahi kuwa sajini wa mahabusu humo humo, na kazi yake sasa ilikuwa kusema kama polisi wa kweli hufanya yanayoigizwa. Akisema ndiyo, sehemu hiyo inapita. Akisema hapana, inakatwa.

Mlangoni, mwavuli mkononi, alisimama Beryl, dada yake Neville, aliyealikwa na marehemu mwenyewe. Kila mwaka, tangu kaka yake afie seli namba tatu, Beryl aliwaandikia polisi barua kuuliza jambo moja tu: kaka yangu aliita msaada, au hakuita? Kila mwaka alijibiwa kwa nakala ya daftari la usiku ule. Saa tisa na nusu: amelala, anapumua. Saa kumi: amelala, anapumua. Mwandiko ni wa Glenys.

"Haya jamani, kimya!" alisema Piers, mwongozaji. "Mzee Neville, wewe ni mlevi, umelala. Usiseme kitu."

Neville aliketi kwenye kitanda cha maigizo, akasema yaliyompata usiku ule. Kifua kilimbana. Alibonyeza kengele mara kumi na nne. Polisi walikuwa chumba cha chai wakila keki, kwa sababu konstebo mmoja alikuwa amefungia funguo ndani ya gari la doria, na kwao aliyekosea huwaletea wenzake keki. Kengele ikawakera. Sajini akaizima.

Watu waliangua kicheko, Piers akafuta machozi. "We mzee utaniua! Mtu anakata roho, wao wanatafuna!"

Neville alimgeukia Glenys. "Hivi, Sajini, ilikuwa keki gani? Harufu niliipata, ila sikuijua."

"Ya limau," Glenys alinong'ona.

"Ahaa. Mimi nilidhani chungwa."

"Mama Glenys," Piers aliita, "polisi wanaweza kumzimia mahabusu kengele? Ukisema ndiyo, naibakiza."

Beryl alikuwa ameshusha mwavuli, mvua inamlowesha, hajali. Siku za mwizi ni arobaini, wanasema. Za sajini sijui ni ngapi. Glenys alitaka kusema ndiyo, Mungu ni shahidi. Neno lilishafika kwenye meno. Halafu akamkumbuka mjukuu wake, aliyeapishwa upolisi mwezi uliopita, filimbi ya bibi yake kifuani.

"Hapana," alisema. "Mahabusu anatazamwa kila nusu saa. Na inaandikwa."

"Aa, basi. Kateni hiyo."

Beryl alifungua mwavuli, akaenda zake kituo cha basi. Neville aliingia seli namba tatu, akavuta mlango mwenyewe.

Alasiri, simu ya Piers iliita katikati ya kurekodi. Kwa kuwa alikuwa ameipenda ile mila ya aliyekosea, aliwaagizia wote keki. Walikuwa ndiyo kwanza wameanza kula kengele ilipolia kutoka seli namba tatu. Ililia tena, na tena. Fundi wa sauti alivua vifaa vyake masikioni, akauliza nani anajua kitu hiki kinavyozimwa.

Glenys aliinuka, akapeleka mkono nyuma ya kabati bila kutazama, akaizima. Kisha akarudi kumalizia keki yake.