Alama ya Pasi Dirishani

Nikidanganya hata nukta, meno yangu matatu yaliyobaki na yanihame leo hii, bila notisi.

Mpangaji wangu, fundi cherehani, alikuwa amehama. Sasa kasimama mlangoni anataka amana yake ya miezi miwili. Cherehani yake ilikuwa ukumbini kwenye nyumba mpya, na mwenye nyumba wa huko hafungui chumba mpaka amana iwe mkononi.

Nikaingia kukagua. Chumba kilikuwa safi mno. Nani husafisha hivi kama hafichi kitu? Nikagonga kuta, nikanusa bomba, nikapiga magoti kuchungulia nyuma ya mlango. Hola! Shaka ikazidi: huyu kaharibu kwa ustadi.

Ndipo nikaiona, kwenye ubao wa dirisha: alama nyeusi ya pasi.

"Ahaa! Binti, hii nini?"

"Niliikuta, Mzee."

"Uliikuta! Ubao huu niliubeba begani kutoka msituni, nikavuka mito miwili na chatu mmoja. Haukuwa na doa."

"Chatu anavukwaje, Mzee?"

"Alikuwa amelala. Usinitoe kwenye mada."

 Fundi alivua futi yake ya kupimia shingoni, akaipima ile alama kama anayempima bibi harusi. "Kisigino, inchi tano." Akatoa pasi yake mkobani, akaipima nayo. "Nne." Akaiweka juu ya alama, ikapwaya kama mtoto ndani ya koti la baba yake.

"Pasi ikipoa hunywea," nikamwambia.

"Basi niazime yako, tuone nayo imenywea kiasi gani."

"Yangu iliibwa."

Mke wangu alikuwa akianua nguo uani. Akadakia dirishani: "Iliibwa lini, na asubuhi umenyooshea shati?"

Akaileta mwenyewe. Ikakaa juu ya alama pua kwa pua, kisigino kwa kisigino.

"Mume wangu," akasema polepole, "si ulisinzia hapa hapa kabla binti hajahamia, ukaunguza ubao pamoja na suruali yako ya kustaafia?"

Nikakohoa kikohozi kirefu, nikitumaini mmoja wao atachoka. Wapi! Nikatoa bahasha ya amana.

"Nitahesabu mbele yako, Mzee," fundi akasema. "Usinielewe vibaya."

Nilimwelewa vizuri sana. Nikalipa miezi yote miwili, na ujira wa kubeba cherehani kutoka ukumbini hadi chumbani, hatua sita, kwa bei aliyoitaja mke wangu.