Waya Uliokatwa kwa Mwalimu Advera

Mwalimu Advera alirudi kutoka misa ya kwanza akakuta waya umekatwa. Ulikuwa waya mnene wa shaba, ulioshuka kutoka kwenye mlingoti wa antena yake hadi kwenye nondo iliyozamishwa ardhini nyuma ya nyumba. Sasa kilibaki kipande kinaning'inia ukutani. Nondo yenyewe ilikuwa imeng'olewa, shimo liko wazi.

Aliyefanya hivyo wala hakujificha. Ngollo, jirani yake mwenye kibanda umiza cha kuonyeshea mpira ng'ambo ya barabara ya kwenda Kwihara, alikuwa kwenye benchi lake anakunywa chai, na waya umeviringishwa miguuni pake.

"Ngollo, nani kakata waya wangu?"

"Mimi, mwalimu. Watu wanakuja kuangalia mpira, wanaambulia mikoromo. Halafu hayo machuma yako yanavuta radi. Mwenyekiti si alishatangaza?"

Kweli alitangaza. Yoramu, mwenyekiti wa mtaa, alisimama juzi mbele ya kibanda hichohicho, akashika kipaza sauti, akasema redio ya mwalimu ndiyo inayoharibu runinga za watu, na mvua zikianza mlingoti wake utaleta maafa, kwa hiyo aushushe. Hakuwa amebisha hodi kumwuliza. Hakuwa ameomba kuona leseni yake ya redio. Tangu astaafu kufundisha fizikia, Advera alikuwa anaongea kwa redio ya ridhaa, ya kurushia na kupokea sauti, na watu wa Kaliua, wa Zambia, hata wa Japani, na hakuna aliyelalamika mpaka Ngollo alipokarabati kibanda chake.

"Waya huo ndio ulikuwa unaishusha radi ardhini," alisema. "Umeniachia chuma juu, ukakata njia yake ya kushukia. Ikipiga leo itapitia wapi? Si ndani kwangu?"

Ngollo akapuliza chai yake. "Basi ushushe."

Advera akageuka. Alikwenda moja kwa moja kwa Yoramu, akamkuta anafuta pikipiki yake. Hata salamu hakutoa.

"Mwenyekiti, ulinihukumu bila kunisikiliza. Leo utanisikiliza. Kabla ya mpira wa mchana, mbele ya walewale uliowatangazia, tutapima kelele zinatoka wapi."

"Mwalimu, mimi nilikuwa nalinda amani ya mtaa…"

"Amani ipi? Mtu anaingia uani kwangu na koleo, unaiita amani?"

Yoramu akainamisha uso, akakubali.

Mchana kibanda kilipojaa, Advera alizima swichi kubwa ya umeme nyumbani kwake mwenyekiti akiwa anaona, akafunga mlango, akamkabidhi ufunguo. Wakavuka barabara. Spika za Ngollo zilikuwa zinakoroma kama kawaida, na picha inakatika vipande vipande.

"Kwangu hakuna kinachowaka," Advera alisema. "Hii nayo ni mimi?"

Akatoa redio ndogo ya betri, akaiweka kwenye masafa yasiyo na stesheni, akaanza kutembea nayo. Karibu na runinga ilivuma kidogo. Alipofika pembeni, kwenye ubao ambao Ngollo alikuwa ameujaza chaja mpya za kuchajia simu za wateja, redio ikapiga kelele hadi watu wakaziba masikio. Koleta, mke wa Ngollo, hakungoja kuambiwa. Alichomoa plagi ya ubao wote ukutani.

Kimya. Picha ikatulia, na mtangazaji akasikika wazi.

"Chomeka," Advera alisema. Mikoromo ikarudi. "Chomoa." Ikaisha.

Ngollo uso ulimwiva. "Na sauti yako je? Wiki iliyopita uliongea ndani ya spika zangu, watu wote walisikia! Hiyo nayo ni chaja?"

"Hapana. Hiyo ilikuwa ya kwangu," Advera alijibu. "Kiangazi kimeikausha ardhi, nondo moja haikutosha tena, ndiyo maana redio yangu ikaingia kwako. Ungebisha hodi ukaniambia, ningerekebisha siku ileile. Tunatazamana mlango kwa mlango, Ngollo! Ukaona heri ukate."

Kisha akamwambia achukue jembe, na Yoramu akamwambia hivyohivyo. Ngollo alichimba nyuma ya bafu la mwalimu, panapomwagika maji na udongo haukauki. Wakazamisha nondo tatu, Advera akaziunganisha pamoja na nondo ya umeme wa nyumba, akarudisha waya wa mlingoti ukiwa mfupi na umenyooka. Waya wa kuingia kwenye redio akauzungusha mizunguko kadhaa, akaufunga, ili mawimbi yasirudi nao hadi ndani. Kisha akawasha, akamwita Valentino wa Kaliua, mwenzake wa redioni, na Koleta akapaza sauti kutoka ng'ambo kwamba spika hazisemi kitu.

"Basi, yameisha," Yoramu alisema, anafuta mikono.

"Hayajaisha. Ulinichafua kwa kipaza sauti. Nisafishe kwa kipaza sauti."

"Mwalimu, si tumeshaelewana?"

"Wewe na nani?"

Wakarudi kibandani, Yoramu akashika kipaza sauti, akaanza kumung'unya maneno kwamba palitokea hali ya kutoelewana kidogo. Advera akamkatisha mbele ya kadamnasi. "Sema kelele zilikuwa za chaja. Sema nilisingiziwa. Sema waya wangu ulikatwa kwa makosa."

Akayasema yote, taratibu, macho yako chini. Ngollo alikuwa ameingia ndani, hakuomba radhi, na hadi leo hajaomba.

Advera alikuwa anavuka barabara kurudi kwake, hasira bado inamchemka, Koleta alipomkimbilia.

"Shikamoo, mwalimu. Pole sana."

Hiyo ndiyo pole ya kwanza aliyopewa tangu asubuhi. "Marahaba, mama," aliitikia, na machozi aliyoyazuia siku nzima yakamtoka palepale barabarani.