Mfano wa Kumi na Nne

Jumatano, saa nane na dakika arobaini mchana, Gyeong-im alikuwa anabandika upya wito wa makala mlangoni mwa ofisi. Upepo wa kisiwa cha Jeju hauna adabu, ulishaung'oa mara mbili kupitia dirisha la ukumbini. Jarida lilikuwa linakaribisha michango ya utafiti wa isimu na uchambuzi wa matini, mwisho Ijumaa. Zilikuwa zimefika makala tatu. Zisipotimia kumi, toleo lingefutwa, na yeye, karani wa jarida, asingeongezewa mkataba. Alipogeuka, akamkuta mama yake kwenye kiti cha wageni, anahema.

Mama alikuwa na miaka mitatu kaburini. Wafu wa kisiwa hicho huja nyumbani siku ya tambiko lao, wakala, wakaenda zao. Ofisini hawaji sana, maana ngazi zinawachosha.

"Samaki wa tambiko la juzi alizidi chumvi," Mama alisema.

"Nilimnunua keshapikwa, Mama. Samahani."

"Wewe na vya kununua."

Mama akatoa kifuani karatasi zilizoungua pembeni. Gyeong-im alizijua. Siku ya tambiko, alipokuwa anachoma karatasi yenye jina la marehemu kama ilivyo desturi, alichoma pamoja nayo makala ya Profesa Hyeon, mkubwa wake, iliyotokana na saa arobaini za sauti ya Mama, aliyoinasa kabla hajafa. Alitaka bibi wa watu ajivunie kidogo. Hakutegemea angeisoma, kwa kuwa Mama hakuonja shule. Lakini huko aliko muda anao, na kusoma alishajifunza.

"Huyu wa kumi na nne ni mimi," Mama alisema, kidole juu ya sentensi ya mfano yenye namba hiyo.

Gyeong-im aliusoma, kama alivyousoma mara nyingi alipokuwa anausahihisha. *Askari walimfukia kaka yangu chini ya ukuta wa mawe, pembe ya mashariki ya shamba la vitunguu saumu la akina Goh.* Chini yake zilifuata kurasa mbili kuhusu mwisho wa kitenzi.

"Nilikuwa na miaka minane," Mama alisema. "Nimekaa nalo miaka sabini, ndipo nikalitoa kwenye kile kidude cha profesa wako. Nikajua sasa watachimba."

"Ulikuwa utafiti wa lugha, Mama."

"Kwani hiyo lugha ilisema nini?"

Gyeong-im akainuka kutafuta kikombe. Shamba lilikuwa limeuzwa, na Jumatatu lingemwagwa zege la maegesho ya hoteli. Alilijua hilo kama anavyojua bei ya kahawa. Akangoja moyo umuume. Haukumuuma, basi akammiminia mama yake chai ya shayiri.

"Mmeandika mnakaribisha michango," Mama alisema. "Wangu huu hapa. Andika: kaka yangu Du-hyeok, miaka kumi na tisa, yuko pale, mtoeni kabla ya Jumatatu."

Gyeong-im akafungua fomu kwenye kompyuta. Jina la mwandishi: Yang Ok-saeng. Kwenye taasisi, Mama alisema waandike makaburini, na kompyuta ikaridhika. Muhtasari ndio ulikwama. Ulitakiwa uwe na maneno mia mbili, naye hakufikisha hata ishirini.

"Ongeza kidogo, Mama."

"Niongeze nini? Kwamba alikufa mara mbili?"

Profesa Hyeon akaingia na mswaki mkononi, anatoka kusafisha meno baada ya chakula. Alimtambua mgeni hapo hapo, akainama mpaka kiunoni.

"Shikamoo, Mama. Habari za huko?"

"Marahaba. Baridi tu."

"Pole sana. Sisi tulishajua tumekukosa kabisa."

Furaha yake ilikuwa ya kweli. Tangu Mama afe, hakupata tena mtu wa kuitamka vile lugha ya zamani ya kisiwa. Gyeong-im akamweleza habari ya shamba, zege na Jumatatu. Profesa akasikiliza yote, akatikisa kichwa kwa huzuni.

"Jambo zito hilo. Ila ni la wakubwa wa ardhi, na wao watataka shahidi aliye hai." Akavuta kiti, akawasha kinasa sauti. "Mama, hii ya kumi na nne, ungeisemaje kama hukuona, ulisimuliwa tu?"

"Niliona."

"Tuseme hukuona."

Mama akamtazama binti yake. Binti akatazama meza. Mama alilelewa kumheshimu mwalimu, basi akasema. Akasema na kama ingekuwa jana, na kama angekuwa anamwambia mkubwa wake, na kama angekuwa hana hakika. Du-hyeok alifukiwa kwa namna tisa, zote zikanaswa. Chai ikapoa.

Kufika saa kumi na moja, Profesa alipiga hesabu akaona namna hizo zitatoa makala saba, akiwagawia wanafunzi wake waziandike. Pamoja na zile tatu, kumi. Mkataba wa Gyeong-im ulikuwa umepona. Alishukuru, kwa sauti ya kawaida.

Mama akasimama, akajifunga kitambaa kichwani.

"Sasa, mtamtoa lini?"

Profesa akainua kidole.

"Samahani, Mama. Rudia hapo, polepole. Swali la namna hiyo hatukuwa nalo."

Mama akarudia, polepole. Gyeong-im akaliandika, akalipatia namba ya mfano.