Neno la Kuchemsha

Anastasie alikuwa ofisini Kasongo, akitafsiri tangazo la kipindupindu kutoka Kifaransa kwenda Kibangubangu, na kompyuta ilikuwa imekwama tena. Kwa kila sentensi, programu ilipekua kwanza tafsiri zote za miaka kumi na miwili, nyingi zikiwa za marehemu Hippolyte, mwenzake wa kazi.

"Mama, mvua iko inakuja," alisema Djuma, mwenye pikipiki ya kupeleka karatasi za tangazo kijijini Wamaza.

Anastasie akaifunga ile hifadhi ya tafsiri, akaandika kutoka kichwani. Baada ya nusu saa Djuma akaondoka na karatasi.

Ndipo akaifungua tena hifadhi ili aingize kazi mpya. Ilipofunguka hatimaye, akakuta onyo la Hippolyte: neno lile lile ambalo Anastasie alikuwa ameandika kwa "kuchemsha" maji, watu wa Wamaza hulisikia kama "kupasha moto" tu.

Alimpigia Djuma, lakini rezo, yaani mtandao wa simu, haikupatikana. Akakodi pikipiki nyingine, na matope yakamlaza njiani. Alipofika, karatasi zilikuwa zimebandikwa tangu jana. Akaanza kuzisahihisha kwa kalamu, moja moja.

"Sisi tulishakunywa, dada," mama mmoja alimwambia. "Maji yalikuwa vuguvugu, kama mulivyoandika."